Hatua moja ya saratani, safari mbili: jeni za uvimbe na kinga ya mwili zinasema nini kuhusu mgonjwa



Miaka kadhaa iliyopita, wanaume wawili ninaowajua vizuri waliambiwa kitu kimoja na madaktari, wakipishana kama mwaka mmoja. Wa kwanza ni ami yangu, fundi seremala. Wa pili ni jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu nikiwa darasa la sita. Wote wawili walikuwa na saratani ya utumbo mpana, na wote wawili waliambiwa iko hatua ya tatu. Maana yake ni kwamba ilikuwa imetoka kwenye utumbo na kuingia tezi za karibu, lakini haijafika ini wala mapafu. Wote walipasuliwa, na wote walipewa dawa za kemo. Hata umri wao haukupishana sana.

Ami leo yuko hai, na Ijumaa utamkuta safu ya mbele. Mwalimu tulimzika mwaka wa pili baada ya upasuaji.

Barazani hakukukosa maelezo. Wako waliosema mwalimu alipatwa na hasadi. Wako waliosema ami alikunywa mizizi fulani ambayo mwalimu aliikataa. Kilichoniuma zaidi ni wale waliosema mwalimu alijikatia tamaa mwenyewe, kana kwamba aliyekufa ndiye mwenye makosa. Na mimi pia sijitoi lawamani. Nilipokwenda kumtazama nilimwambia, "Mwalimu, ami alikuwa na maradhi haya haya, hatua hii hii, na sasa amerudi kazini. Nawe utapona inshallah." Nilidhani namfariji. Maradhi yaliporudi, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwanangu, mimi nimekosea wapi ambapo ami yako hakukosea?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu lililochelewa. Mimi si daktari. Nina diploma ya uandishi wa habari, na nilichofanya ni kusoma na kuwauliza wenye elimu hiyo mpaka nikaelewa. Nayaandika kwa ajili ya kila nyumba ambayo leo inampima mgonjwa wake kwa mgonjwa wa jirani.

Hatua inasema saratani imefika wapi

Daktari anaposema hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, anasema jambo moja tu: saratani imeenea kiasi gani. Ni sawa na kuambiwa kwamba gari limefika Mazeras. Umejua liko wapi. Hujajua dereva ni nani, anakwenda kwa kasi gani, wala kama mbele yake kuna kizuizi cha polisi.

Hatua ni muhimu sana, na mtu asikudanganye. Marekani, ambako hesabu hizi zinawekwa vizuri, kati ya watu 100 waliogunduliwa saratani ya utumbo mpana ikiwa bado ndani ya utumbo, kama 90 wanakuwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa hadi viungo vya mbali, wanabaki kama 15. Hakuna jeni wala dawa ya bei ghali inayoshinda faida ya kugundua mapema. Ami mwenyewe alipoteza karibu mwaka mzima akitibiwa bawasiri kwa sababu ya damu kwenye choo. Hakuna aliyewahi kumtazama ndani.

Lakini watu wawili walio hatua moja wanaweza kwenda njia mbili, na kuna mambo mawili makubwa yanayochangia hilo. La kwanza ni tabia ya uvimbe wenyewe, ambayo imeandikwa kwenye jeni zake. La pili ni kama kinga ya mwili imeutambua uvimbe huo na kuuvamia.

Tabia ya uvimbe

Kila seli ya mwili ina maandishi yake, yaitwayo DNA, yenye herufi kama bilioni 3. Seli inapogawanyika, maandishi yote hayo hunakiliwa upya. Makosa hutokea, na Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya seli wasahihishaji wa kuyafuta. Fikiria chuoni: mtoto anasoma, mwalimu anasikiliza, na mtoto akiteleza hata irabu moja mwalimu anamrudisha hapo hapo. Seli nayo ina waalimu wake.

Kosa likipita bila kusahihishwa huitwa badiliko la jeni. Mengi hayana madhara yoyote. Machache hugusa jeni zinazoongoza ukuaji, na hizo ziko za aina mbili. Kuna jeni zilizo kama mafuta ya gari: zikiharibika, seli haiachi kukua. Miongoni mwake ni KRAS, BRAF na HER2. Na kuna jeni zilizo kama breki: zikiharibika, hakuna wa kuizuia seli. Maarufu zaidi hapo ni p53, ambayo huonekana imeharibika katika karibu nusu ya saratani zote za binadamu. BRCA1 na BRCA2, ambazo kina mama wengi wamezisikia kwa habari ya saratani ya matiti, ni wasahihishaji.

Ni jeni gani imeharibika huweza kubadilisha mwendo mzima wa maradhi. Chukua saratani ya matiti. Kati ya wagonjwa 100, kama 15 hadi 20 wana uvimbe wenye HER2 nyingi kupita kiasi. Zamani kuambiwa hivyo ilikuwa habari mbaya, kwa maana uvimbe wa aina hiyo hukua haraka na kurudi haraka. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa ya trastuzumabu, inayoikamata HER2 yenyewe. Tangu hapo, mwanamke mwenye HER2 aliyepata dawa hiyo ana matumaini makubwa kuliko mwenzake wa miaka ya themanini. Uvimbe ni ule ule, na jeni ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna silaha yake. Kwa hiyo swali la "jeni gani?" linafuatwa na swali la pili: "je, ina dawa, na dawa hiyo inapatikana?"

Kwa mwalimu wetu, kipande cha uvimbe kilipelekwa kupimwa jeni baada ya maradhi kurudi na kuingia kwenye ini. Jibu lilisema BRAF imebadilika. Kati ya watu wenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, kama mmoja kati ya kumi ana badiliko hilo. Uvimbe wa namna hiyo, ukiwa na wasahihishaji wazima kama wake ulivyokuwa, kwa kawaida huwa mkali na hauzisikii sana dawa za kawaida. Mwalimu hakukosea popote. Alipata dereva mwingine.

Askari wa mwili na makontena ya bandarini

Jambo la pili ni kinga. Sisi wa Mombasa tunaijua bandari, basi tuitumie. Kila seli ya mwili hutoa nje vipande vidogo vya protini zinazotengenezwa ndani yake na kuvionyesha juu ya ngozi yake, kama kontena lililobandikwa orodha ya mzigo. Seli nyeupe za damu ziitwazo seli T huzunguka mwili mzima zikisoma orodha hizo, kama maafisa wa forodha. Zikikuta mzigo wa kawaida hupita. Zikikuta kitu kigeni, mathalani kipande cha virusi, hulivunja kontena zima.

Jeni iliyobadilika hutengeneza protini iliyobadilika, na kipande chake hutokea kwenye orodha. Hapo ndipo kinga inapoweza kuitambua saratani, hata kama saratani ni seli yetu wenyewe iliyoasi.

Kwamba jambo hili linaathiri maisha ya mgonjwa lilionekana wazi mwaka 2006. Mtafiti Jérôme Galon na wenzake huko Paris walichukua vivimbe vya utumbo mpana vilivyokwisha kutolewa kwa upasuaji, wakahesabu seli T zilizomo katikati ya uvimbe na pembezoni mwake. Waliokuwa na seli T nyingi sehemu zote mbili waliishi muda mrefu zaidi bila maradhi kurudi. Hesabu hiyo ilitabiri mwendo wa ugonjwa vizuri kuliko hatua peke yake. Mgonjwa wa hatua ya juu mwenye askari wengi aliweza kwenda vizuri kuliko wa hatua ya chini ambaye uvimbe wake haukuwa na askari hata kidogo. Mwaka 2018 utafiti wa nchi nyingi uliyathibitisha matokeo hayo.

Hali inafanana na hiyo katika saratani ya matiti isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2, ile ambayo madaktari huiita hasi tatu, na ambayo huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Ni aina kali. Lakini ndani ya aina hiyo hiyo kali, wanawake ambao uvimbe wao umejaa seli hizi za kinga huwa na matarajio bora kuliko wale ambao uvimbe wao ni mtupu.

Makosa mengi yanapogeuka kuwa faida

Hapa ndipo niliposhangaa, na hapa ndipo ilipo habari ya ami.

Daktari wake alimuuliza kama kuna mtu mwingine wa ukoo aliyewahi kuugua tumbo kwa muda mrefu. Kwa sababu ya jibu alilopata, aliomba sampuli ya uvimbe ipelekwe Nairobi kupimwa wale wasahihishaji niliowataja. Jibu likarudi: mmoja wao hayupo. Ile chuo ndani ya seli ilikuwa imebaki bila mwalimu. Kati ya saratani 100 za utumbo mpana, kama 15 ziko hivyo.

Mtu akisikia hayo atadhani ni msiba juu ya msiba. Bila msahihishaji, makosa hujilimbikiza ovyo. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walihesabu mabadiliko ya jeni katika vivimbe vya aina hii wakapata wastani wa zaidi ya 1,700 kwa kila uvimbe. Vivimbe vyenye wasahihishaji wazima vilikuwa na wastani wa 73.

Lakini kumbuka makontena. Makosa 1,700 ni nafasi nyingi sana za kubandika orodha ngeni, na uvimbe wa namna hiyo unajianika mwenyewe mbele ya askari. Ukiutazama kwa darubini, mara nyingi utaukuta umejaa seli T. Ndiyo sababu, katika hatua za mwanzo kabla ya kusambaa mbali, wagonjwa wa aina hii kwa jumla huenda vizuri kuliko wenzao wa hatua ile ile. Ami alikuwa mmoja wao. Siwezi kusema kwamba hiyo peke yake ndiyo iliyomponya, kwa maana alipasuliwa vizuri na akamaliza dawa zake zote. Lakini mwili wake ulikuwa na askari waliokwisha kuingia uwanjani.

Si kila uvimbe wenye makosa mengi ni wenye heri. Saratani ya mapafu ya mvutaji sigara ina makosa mengi yaliyoletwa na moshi, na bado ni ya kuogopwa. Wingi wa makosa huwapa askari cha kuona. Kama watashambulia au hawatashambulia ni habari nyingine.

Namna saratani inavyowanyamazisha askari

Seli T zina breki zake. Bila breki zingeushambulia mwili wenyewe. Breki moja inaitwa PD-1, na aliyeigundua mwaka 1992 ni Tasuku Honjo wa Japani. Nyingine, CTLA-4, ilichunguzwa na James Allison wa Marekani, ambaye alionyesha kwamba ukiizuia breki hiyo askari huamka na kuishambulia saratani. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2018.

Saratani nyingi hujifunza kuikanyaga breki ya PD-1. Askari anafika, anaiona orodha ngeni, kisha anashikwa mkono na kuambiwa kila kitu ni halali. Anaondoka. Dawa mpya za tibakinga, kama pembrolizumabu, huuondoa mkono huo.

Mfano ulio mashuhuri ni wa aliyekuwa Rais wa Marekani, Jimmy Carter. Mwezi Agosti 2015, akiwa na miaka 90, alitangaza kwamba saratani ya ngozi imefika kwenye ini na ubongo wake. Alipasuliwa, akapigwa mionzi, akapewa pembrolizumabu. Mwezi Desemba mwaka huo madaktari hawakuiona tena. Alifariki Desemba 2024, baada ya kutimiza miaka 100. Kwa hatua peke yake, watu walikuwa wamekwisha kuanza kumuaga.

Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa uvimbe wa kiungo chochote kilichosambaa, mradi wasahihishaji wawe wameharibika. Ilikuwa mara ya kwanza huko kwa dawa ya saratani kuidhinishwa kwa kutazama tabia ya uvimbe pasi na kujali umeota wapi. Na mwaka 2022, hospitali moja ya New York ilitoa habari za wagonjwa 12 wa saratani ya njia ya haja kubwa wenye uvimbe wa aina hii. Walipewa dawa ya jamii hiyo peke yake, na kwa wote 12 uvimbe haukuonekana tena.

Nisikufiche upande wa pili. Dozi moja ya dawa hizi ni mamia ya maelfu ya shilingi, na dozi ni nyingi. Kwa saratani nyingi hazifanyi kazi. Na breki zikifunguliwa, askari wanaweza kuugeukia utumbo, mapafu au tezi ya shingo ya mgonjwa mwenyewe. Usiuze shamba kwa sababu ya habari ya Carter kabla hujajua uvimbe wa mgonjwa wako ni wa aina gani.

Ushahidi ulioanzia huku kwetu

Mtu asidhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Baadhi yake yalisomwa kwanza kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki. Mwaka 1958, daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto. Kutokana na vipande vya uvimbe huo vilivyopelekwa London, watafiti waligundua mwaka 1964 virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Maradhi hayo hupatikana zaidi pale malaria ilipo nyingi, ikiwemo kandokando ya Ziwa Viktoria na Pwani yetu, kwa sababu malaria ya mara kwa mara huivuruga kinga ya mtoto. Badiliko la jeni lake linajulikana: jeni iitwayo MYC huhama mahali pake na kuanza kufanya kazi bila kupumzika. Uvimbe huo hukua kwa kasi ya kutisha, na bado watoto wengi hupona kwa dawa za kemo wakiwahishwa. Kukua haraka na kutopona ni mambo mawili tofauti.

Au tazama Ukimwi. Ulipoivunja kinga ya watu wetu, saratani ya Kaposi ilijaa mahospitalini. Dawa za kupunguza makali zilipokuja na kinga ikarudi, kwa wagonjwa wengi vidonda vile vilisinyaa. Mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi ana hatari kama mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa uzazi. Na chanjo ya HPV, ambayo serikali ya Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019, ni kuwafundisha askari hawa mapema wavijue virusi kabla havijaingia. Aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani hiyo.

Unapoambiwa "miezi sita"

Namba anayoitoa daktari ni hesabu ya kundi. Akisema wagonjwa wa aina hii huishi miezi kadhaa kwa wastani wa kati, maana yake nusu waliondoka kabla ya hapo na nusu walipita, na miongoni mwa waliopita wako waliopita kwa miaka. Namba hiyo haikuandikwa kwa ajili ya baba yako. Ajali anaijua Aliyeiweka. Daktari anakupa makadirio, na makadirio yanakuwa bora kadiri anavyojua zaidi kuhusu uvimbe na mwili unaopambana nao. Ukiwa umeambiwa namba kabla jeni wala vipokezi havijapimwa, umepewa makadirio ya gari lililofika Mazeras.

Basi mwenye mgonjwa na aulize haya, kwa adabu na bila woga:

Kwanza, omba nakala ya ripoti ya maabara iliyochunguza kipande cha uvimbe, na uitunze pamoja na kitambulisho. Kipande chenyewe huhifadhiwa ndani ya nta, na kinaweza kupimwa tena hata baadaye.

Pili, kwa saratani ya matiti, uliza kama vipokezi vya homoni na HER2 vimepimwa. Kwa utumbo mpana, uliza kuhusu wasahihishaji wa jeni. Kwa mapafu, uliza kuhusu jeni za EGFR na ALK, kwa sababu zina dawa zake.

Tatu, uliza: "Jibu la kipimo hiki litabadilisha dawa atakayopewa?" Ikiwa halitabadilisha, pengine pesa hizo zina kazi bora zaidi.

Nne, mwambie daktari kila mzizi na kila unga mgonjwa anaotumia. Wengine wamedhuru ini katikati ya kemo kwa kuficha.

Tano, mtajie waliokufa kwa saratani katika ukoo, hata wale ambao maradhi yao hayakupata jina.

Jina la maradhi ya marehemu baba

Hilo la tano lina sababu. Jibu alilolipata daktari kwa ami lilikuwa hili: kaka yake, yaani marehemu baba yangu, alifariki akiwa na miaka 51 kwa "maradhi ya tumbo". Hakuna aliyempima. Mara nyingi msahihishaji huharibika ndani ya uvimbe peke yake, uzeeni. Lakini kama watu watatu kati ya kila 100 wenye saratani ya utumbo mpana wamerithi kasoro hiyo. Hali hiyo inaitwa Lynch, na kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Damu ya ami ilipopimwa, ilikuwa ya kurithi.

Nilikaa miezi miwili nikikwepa. Binamu yangu mmoja anakwepa mpaka leo. Anasema ukipekua utapata. Mimi nilipekua, na nikapata: ninayo. Nilitazamwa utumbo kwa kamera, wakakuta vinundu viwili vidogo wakaviondoa siku hiyo hiyo, kabla havijawa kitu. Sasa ni lazima nirudi kila mwaka au miaka miwili. Daktari aliniambia jambo ambalo nimeliweka moyoni: kasoro ile ile inayoweza kuniletea saratani ndiyo inayoifanya saratani hiyo ionekane na askari wa mwili. Sijui kama hiyo ni faraja kubwa, lakini ni zaidi ya aliyopata baba.

Wanangu watatu watapimwa wakifika umri. Binamu namuombea, na naendelea kumpigia simu.

Na kwa mwalimu, kama ningepata nafasi ya kumjibu, ningemwambia hivi: hukukosea, Mwalimu. Niliyekosea ni mimi, niliyekupimia safari yako kwa safari ya mtu mwingine. Mwenyezi Mungu akurehemu.